Methadoni ni "unga wa serikali"? Maana ya MAT na kwa nini inatembea na ARV

Mama mdogo wangu anakaa Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, na kitinda mimba wake alikula unga miaka sita. Siku nilipomwambia dogo ameanza kunywa methadoni akaniangalia weee, alafu akasema, "Sasa mwanangu, si wamemtoa kwenye unga wa mtaani wakamuingiza kwenye unga wa serikali?" Nilicheka, ila swali lake ni zito kuliko alivyodhani mwenyewe, na kila nikiongelea hii kitu lazima atokee mtu aniulize hivo hivo kwa maneno mengine, kwa hiyo leo acha nilijibu kwa kirefu.

MAT ni kifupi cha Kiingereza, kwetu wanasema tiba saidizi kwa waraibu. Mtu aliyezama kwenye heroini anapewa dawa ya hospitali yenye asili moja na hiyo heroini, kwa kipimo, kila siku, mbele ya macho ya mhudumu, ili mwili utulie apate nafasi ya kuwaza vitu vingine. Inayotumika sana Tanzania ni methadoni ya maji. Zipo zingine kama buprenofini, na ipo naltreksoni ambayo yenyewe inaziba tu, unga ukiingia haukuti pa kukaa, ila ukisikia mtu wa Dodoma anasema "dogo anakunywa dawa Itega" jua ni methadoni, maana kliniki ya MAT ya hapa iko Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe, ile ya wagonjwa wa akili. Na hilo jina nalo ni mtihani wake, Tanzania nzima mtu akitaka kukutukana anakwambia nenda Mirembe, sasa kijana ukimwambia tiba iko huko anaona unamuita chizi. Mdogo wangu alikataa miezi minne kwa sababu ya jina tu.

Haya, turudi kwa unga wa serikali. We mchukue teja uangalie siku yake ilivyo. Kete ya asubuhi inampandisha ndani ya dakika chache, anasinzia kasimama, ule mkao wa kupinda magoti bila kuanguka mnaujua, baada ya masaa manne au sita imeshaanza kuisha, na kama hajapata nyingine arosto inaanza kupiga hodi. Kamasi, machozi, miayo isiyokatika, ngozi inakuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa, tumbo linaharisha, mifupa inauma mpaka analia, usingizi hakuna. Mtu mwenye arosto hana kesho, ana saa moja ijayo basi, kwa hiyo nondo ya dirisha ya mama yake ataing'oa akauze chuma chakavu na ukimuuliza hata hajui kwa nini kachukua ile. Na hiyo ni mara tatu mara nne kwa siku, kila siku.

Methadoni inamezwa, inapanda taratibu, na inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Hakuna kule kupaa na hakuna kule kudondoka. Wanaanza na kidogo, miligramu 15 mpaka 30 hivi, wanapandisha polepole, wengi wanatulia kati ya 60 na 120, na mtu akishatulia hata akichepuka akavuta kete haisikii vizuri kwa sababu nafasi imeshajaa. Mwanzo ndo pa kuwa makini, dawa inajilimbikiza mwilini, mtu anaona haijamshika anaongezea unga au pombe kali au vidonge vya usingizi juu yake, pumzi inakata. Ndo maana pia dozi haiachwi nyumbani kizembe, kiasi ambacho mtu mzima anakunywa na kwenda kazini kinaweza kuua mtoto.

Kwa hiyo mama mdogo ana haki nusu. Wataalamu wanatenganisha vitu viwili ambavyo mtaani tunaviita jina moja, utegemezi wa mwili na uraibu. Utegemezi upo, mnywaji wa methadoni akiruka siku mbili arosto inakuja kama kawaida. Uraibu ni ule mwendo wa kusaka, kuiba, kudanganya, kujidunga huku unaona kabisa unakufa, na huo ndo unaopungua. Mdogo wangu saa hizi anasukuma toroli la matikiti soko la Majengo, anachelewa, analalamika bei, anadaiwa, yaani ana matatizo ya watu wa kawaida.

Jambo lenyewe sio jipya. Dawa ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kama ya maumivu, mwaka 1965 daktari Vincent Dole na mwenzake Marie Nyswander wakaandika kule New York kwamba waliwapa waraibu wa heroini methadoni kila siku na wakaanza kurudi shule na kazini. Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kwetu kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, alafu mikoani.

Sasa VVU vinaingiaje hapa, maana watu wanadhani ni mada mbili tofauti. Njia inayojulikana ni sindano, bomba moja linapita mikononi mwa watu watatu maskani na damu inabaki ndani hata kama huioni. Mwaka 2005 watafiti waliandika jambo la Dar ambalo mpaka leo likinijia nasisimka, akina dada waliokuwa kwenye unga mmoja akishajidunga anavuta damu yake kwenye bomba anampa mwenzake asiye na hela ajidunge, wakiamini damu ile ina unga wa kutosha kumtoa arosto. Lakini hata anayevuta tu kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi kwenye msokoto, hayuko salama, hela ya kete inatafutwa kwa mwili na mwenye arosto hajadiliani mambo ya kondomu. Mwaka 2012 watafiti walikusanya tafiti za nchi mbalimbali wakakuta wanaojidunga walio kwenye tiba kama ya methadoni hatari yao ya kupata VVU iko chini kwa asilimia 54 hivi ukilinganisha na wasio kwenye tiba, na hiyo ni dawa ambayo haigusi kirusi hata kidogo, inagusa siku ya mtu tu.

Upande wa pili ni wale ambao tayari wanaishi na VVU, na kwangu hapa ndo patamu. ARV, zile dawa za kufubaza VVU, zinataka kumezwa kila siku, ukizimeza vizuri virusi vinafubaa mpaka kipimo hakivioni na humuambukizi mtu kwa ngono. Mwambie sasa teja ameze kidonge saa mbili usiku kila siku, hajui hata leo ni Jumanne. Unampa kopo la vidonge mwezi mzima, analipoteza maskani siku ya pili. Ila methadoni inamleta mwenyewe. Hahitaji meseji ya kumkumbusha wala mwelimisha rika wa kumfuata nyumbani, arosto inamuamsha alfajiri na kumpandisha daladala. Yaani ule utegemezi unaomtisha mama mdogo ndo kamba inayomvuta mtu mpaka dirishani, na ukishamuweka dirishani kila siku unaweza kumpa na kidonge cha ARV akimeze hapo hapo, ukampima na TB, na homa ya ini. Hiyo ndo maana ya tiba jumuishi, MAT na CTC, yaani kliniki ya tiba ya VVU, kukaa chini ya paa moja na faili kuongea na faili.

Nilimsindikiza mdogo wangu asubuhi moja nikaona. Unataja namba yako, mfamasia anahakikisha ni wewe, anapima dawa inaingia kwenye kikombe kidogo, unakunywa yote mbele yake, alafu lazima uongee kitu aone umemeza kweli hujaificha mdomoni ukauze. Mdogo wangu kila siku anamwambia yule mfamasia "shikamoo dada", na dada mwenyewe ni binti mdogo kuliko yeye, anaitikia marahaba bila kucheka. Jambo lingine nililoliona, humo ndani hakuna mtu anaitwa teja, wote ni "mteja", herufi moja tu lakini mtu anakaa wima.

Kuna jamaa namfahamu, sasa hivi ni mwelimisha rika, yeye alianzia Dar enzi zile ARV zina efavirenzi ndani, na kliniki yake ya methadoni ilikuwa mbali na kliniki yake ya CTC, huku hawajui anapewa nini kule. Alikuwa ametulia na dozi yake safi, akaanza ARV, baada ya wiki hivi kamasi, miayo, mifupa. Akajua kabisa manesi wanamuwekea maji kwenye kikombe, akagombana nao, akarudi maskani kupoza, na ARV akazitupa kwa sababu aliona ndo zimemletea nuksi. Na kwa kiasi fulani aliona sawa! Efavirenzi inachochea ini lisage methadoni haraka, kwa hiyo dozi ile ile iliyokuwa inamfikisha kesho yake ikawa inaishia usiku. Dawa yake ilikuwa ni kupandishiwa methadoni, basi, lakini nani angejua wakati daftari moja liko huku na lingine liko kule. Siku hizi ARV za kuanzia ni TLD, ndani yake kuna dolutegraviri ambayo haigombani na methadoni, nchi ilianza kuhamia huko mwaka 2019.

Msala uliobaki ni TB. Rifampisini, moja ya dawa za TB, inaisaga methadoni vibaya mno, dozi inabidi ipande, na dolutegraviri nayo inabidi imezwe mara mbili kwa siku badala ya moja, alafu akimaliza TB methadoni lazima ishushwe polepole la sivyo ile iliyopandishwa inamzidi nguvu. Kama mtu wako yuko kwenye MAT na kaanzishiwa dawa yoyote kituo kingine, aseme dirishani. Hata kama anaona haihusiani.

Utafiti mmoja nauheshimu sana ulifanyika Indonesia, Ukraine na Vietnam, matokeo yakatoka 2018, waraibu 502 wanaojidunga na wanaoishi na VVU. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida, lingine likaongezewa mtu wa kuwashika mkono kutoka dirisha moja hadi lingine pamoja na ushauri, na kuanza ARV bila kusubiri kinga ishuke. Baada ya mwaka, kundi lililoshikwa mkono waliofubaza virusi walikuwa asilimia 41 na la kawaida 24, waliokufa asilimia 7 kwa lile la kwanza na 15 kwa la kawaida. Hakuna dawa mpya hapo, ni mtu wa kukwambia "twende wote".

Niweke wazi na hili kabla sijapigiwa simu, methadoni ni ya waliozama kwenye heroini na jamii yake. Bangi, mirungi, gongo, haihusiki. Wazazi wanaleta vijana wa bangi wanataka "na yeye apewe kikombe", huko ni kumuingiza kwenye shida ambayo hakuwa nayo.

Na mpaka lini? Hakuna tarehe. Wengine wanashushiwa kidogo kidogo miaka ikipita mpaka wanaacha, wengine wanaendelea, wanaokatisha ghafla wengi wanarudi ungani, na wakirudi mwili umeshasahau kile kipimo cha zamani ndo wanapofia. Hata akikosa siku tatu mfululizo hawampi dozi yake hivi hivi, wanamuangalia upya kwanza. Mwaka jana tulimzika bibi Mpwapwa. Mdogo wangu alikunywa kikombe chake asubuhi, akadandia gari, akawahi kuzika, akatupa udongo, na jioni hiyo hiyo akageuza, wakati wajukuu wote wanalala matanga siku tatu. Wajomba wakaanza kuguna. Mama mdogo, yule yule wa unga wa serikali, akawaambia, "Mwacheni, kesho anaingia kazini asubuhi."