Kompresa Yenye Presha Kubwa Haileti Rangi Safi Zaidi

Wengi wanaonunua brashi ya hewa, yaani kifaa kinachonyunyiza rangi kwa nguvu ya hewa, kwa mara ya kwanza, wakitaka kupaka rangi modeli ndogo za ndege, meli au vifaru, huamini kwamba kompresa (mashine ya kushindilia hewa) yenye presha kubwa zaidi ndiyo itakayowapa kazi safi zaidi. Sivyo. Kazi nyingi za modeli hufanyika kwa psi (kipimo cha presha) 15 hadi 25, kiwango ambacho hata kompresa ndogo hukifikia bila taabu. Ukizidisha, matone ya rangi hukauka hewani kabla ya kutua na kuacha uso unaokwaruza kama msasa, au rangi iliyokwisha kutua husukumwa pembeni na kutambaa mithili ya miguu ya buibui.

Kinachostahili fedha ni utulivu wa hewa. Pampu ya pistoni iliyo ndani ya kompresa husukuma hewa kwa mapigo, na pasipo mtungi wa kuihifadhi, mapigo hayo yanaweza kuonekana kwenye mstari mwembamba. Tafuta basi mtungi, hata wa lita 3, pamoja na kidhibiti presha chenye geji na kichujio cha kunasa unyevu, kwani tone moja la maji likirukia bawa lililokwisha kupakwa (nalo hupenda kuja mwishoni mwa kazi) huharibu yote.

Kuhusu brashi yenyewe, ile ambayo kitufe chake hutoa hewa kikibonyezwa na rangi kikivutwa nyuma, yenye nozeli (tundu la kutolea rangi) ya milimita 0.3, yatosha kuanzia; ya 0.2 huziba upesi, hasa kwa rangi ya akriliki isiyozimuliwa vyema.