Ulinzi mkali si kujaza watu mbele

Chuo cha Marekani kikitangaza kocha mpya wa ulinzi mwenye sifa ya ukali, mashabiki wengi wa futiboli ya Kimarekani hudhani atatuma wachezaji sita au saba kumvamia kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, kila mara. Si lazima.

Chukua timu ya Chuo Kikuu cha Michigan. Chini ya kocha wa ulinzi Don Brown walivamia sana, huku mabeki wakikaba mtu kwa mtu. Mwaka 2018 wapinzani wao Ohio State wakawachapa 62-39: wapokeaji wa pasi walikatiza uwanja kwa kasi, na beki aliyeachwa peke yake hakuwa na wa kumsaidia.

Mwaka 2021 akaja kocha mpya wa ulinzi, Mike Macdonald, kutoka timu ya kulipwa ya Baltimore Ravens. Katika mfumo wa aina yake, watu sita husogea kwenye mstari mpira unapoanzia kama wote wanavamia. Mpira ukianzishwa, wawili wanarudi nyuma ghafla kuziba njia za pasi. Wanaovamia ni wanne tu, saba wanabaki kukaba, na kwotabeki hajui wanne hao watatokea wapi. Akisita kidogo tu, kaangushwa. Kwangu huo ndio ukali hasa. Msimu huo Michigan waliwapiga Ohio State 42-27, na mlinzi wao Aidan Hutchinson, kipaji cha kweli, alimwangusha kwotabeki mara tatu.