Je, wajua? Israeli walimsahau Mungu wakiwa wameshiba, sio wakiwa na njaa

Wengi tukisoma "wana wa Israeli wakamsahau Bwana" tunawaza ni kama ile unakutana na mtu stendi anakuchangamkia wee, na jina lake hulikumbuki hata kwa dawa. Sio hivyo. Kiebrania wanasema shakhakh, na kusahau huko kunaonekana kwenye matendo zaidi kuliko kichwani. Cheki Mwanzo 40, yule mnyweshaji wa Farao alitafsiriwa ndoto na Yusufu gerezani, akatoka akarudishiwa kazi yake, kimya, na Yusufu akaendelea kusota ndani miaka miwili mizima. Na Mwanzo 8 inasema Mungu akamkumbuka Nuhu, papo hapo upepo unavuma na maji yanaanza kupungua, yaani kukumbuka ni kufanya kitu.

Sasa wanasahau saa ngapi? Wahenga walishasema shibe mwana malevya, na Musa ni kama alikuwa anaijua. Kumbukumbu la Torati 8 (hata jina la kitabu kwa Kiswahili linajieleza) anawaonya hata Yordani hawajavuka: mtakula mshibe, mtajenga nyumba nzuri, ng'ombe na kondoo wataongezeka, fedha na dhahabu, halafu mtu atasema moyoni utajiri huu nimeutafuta kwa nguvu zangu mwenyewe. Jangwani haikuwa rahisi kusema hivyo, asubuhi unaokota mana ya siku hiyo, ukiilaza inaingia mabuu (isipokuwa ile ya kuamkia Sabato), sasa anayekulisha hivyo utamsahauje? Ila Kanaani unalima, unasubiri mvua, na majirani wanakwambia mwenye mvua ni mungu wao Baali.

Mimi sura inayonikamataga ni Hosea 2. Ni karne ya 8 KK, ufalme wa kaskazini wa Israeli, na enzi za mfalme Yeroboamu wa pili wakubwa wa Samaria, mji mkuu wake, walikuwa vizuri kweli. Mungu anaongea kama mume aliyeachwa, na mke ni Israeli: hakujua kwamba mimi ndo nilikuwa nampa nafaka na divai na mafuta, na fedha niliyompa kaipeleka kwa Baali. Ni kama mtu akulipie kodi ya nyumba halafu asante unapeleka kwa jirani! Na adhabu haianzi na radi wala moto, anasema tu nachukua nafaka yangu, divai yangu, sufu yangu na kitani yangu. Vyake.

Baadae ikaja kubwa zaidi, Samaria ikaanguka mikononi mwa Ashuru mwaka 722 KK. Enzi za Waamuzi walishaonja hayo, sura ya 3 wanasahau, wanaangukia mikononi mwa mfalme Kushan-rishathaimu wa Mesopotamia miaka 8 mpaka walipolia ndo akainuliwa Othnieli awaokoe.

Lakini Hosea hiyohiyo ya 2 ina kitu, huyo mume baada ya kunyang'anya kila kitu anasema atamrudisha mkewe jangwani, kulekule kwenye mana, aongee naye taratibu, na mashamba ya mizabibu atampa tena akiwa hukohuko.