Kupe mwenye kimelea si lazima awe msambazaji

Swali ninaloulizwa zaidi katika kazi hii ni fupi: kupe huyu ana ugonjwa? Kipimo cha PCR hujibu swali jingine. Husema tu kwamba vinasaba vya kimelea vimo ndani yake. Huenda kimelea kimekwisha kufa, au kimo tu katika damu aliyoinyonya jana. Ukichanganya mambo hayo utatangaza msambazaji asiye msambazaji, na dawa nyingi zitamwagwa mahali pasipostahili.

Kosa huanzia kwenye kukusanya. Kupe aliyeng'olewa kwa ng'ombe akiwa amejaa damu hutoa habari za ng'ombe kuliko zake mwenyewe. Ndiyo maana napendelea wenye njaa, wale wanaopanda kwenye ncha za nyasi na kunyoosha miguu ya mbele wakisubiri mnyama apite. Kokota taratibu juu ya majani kitambaa cheupe cha flaneli, mita moja kwa mita moja, kisha kigeuze na kukikagua kila baada ya mita 10 hadi 20. Ukichelewa, wengine watakuwa wameshaanguka. Umande ukiwa haujakauka, kitambaa hulowa na kupe hawashiki. Jua likichoma, hushuka chini kutafuta unyevu. Lava, yaani kupe mchanga aliyetoka kwenye yai, ni mdogo kuliko mbegu ya ufuta, ana miguu sita, na utamdhania vumbi mpaka atembee. Kwa kupe wa jenasi ya Hyalomma waliokomaa kitambaa hakifai, kwa sababu hawasubiri majanini. Humkimbilia mnyama ardhini. Hao huvutwa kwa barafu kavu, ambayo hutoa kaboni dioksidi kama pumzi ya mnyama.

Kwa kazi ya vinasaba, ethanoli ya asilimia 70 au zaidi inatosha. Ukitaka virusi hai, ethanoli itawaua: tumia friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Andika lebo kwa penseli na uitumbukize ndani ya kichupa. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka humo, na kupe asiyejulikana alikotoka hana thamani tena.

Hatua ya ukuaji nayo ni ushahidi. Lava mwenye njaa hajanyonya damu kamwe, hivyo akikutwa na kimelea amekirithi kwa mama kupitia yai, kama ilivyo kwa Babesia bigemina, kimelea cha damu ya ng'ombe. Tunutu mwenye njaa, yaani kupe wa hatua ya kati, alinyonya akiwa lava, basi alichonacho huenda kilivuka naye alipojivua ngozi. Theileria parva, inayoleta ndigana kali, huvuka hivyo, lakini haipiti kwenye yai. Kila kizazi cha kupe lazima kiipate upya kutoka kwa mnyama.

Hata hapo bado. Kimelea lazima kitoke kwenye utumbo na kufika kwenye tezi za mate. Theileria parva hukomaa humo baada ya kupe kunyonya kwa siku kadhaa. Borrelia burgdorferi, bakteria wa ugonjwa wa Lyme iliyoelezwa mwaka 1982, hukaa utumboni na kuanza safari damu yenye joto inapoingia, kwa hiyo kumng'oa kupe siku hiyohiyo husaidia sana. Kwa papasi kanuni hiyo haifanyi kazi: hushiba chini ya saa moja na kuondoka, na Borrelia duttonii, bakteria wa homa ya papasi, tayari imo kwenye tezi zake.

Kwa hiyo mpasue. Mweke kwenye tone la maji ya chumvi chini ya hadubini, kata ukingo wa mgongo, ufunue kama kifuniko. Tezi ziko pande zote mbili, kama vishada vya zabibu. Zichukue kwanza. Utumbo ukipasuka kila kitu kitachafuka, na majibu ya tezi hayataaminika tena. Badilisha sindano kwa kila kupe.

Ushahidi wa mwisho ni kumnyonyesha kupe damu: kupe anyonye kwa mnyama mgonjwa, ajivue ngozi, kisha anyonye kwa mnyama mzima na kumwambukiza. Theobald Smith na F. L. Kilborne waliujenga ushahidi wa namna hiyo Marekani kuhusu homa ya ng'ombe ya Texas, bila PCR, wakachapisha mwaka 1893. Ng'ombe wa kusini waliochanganywa na wa kaskazini baada ya kuondolewa kupe hawakuwaambukiza. Kupe waliotawanywa kwenye malisho yasiyo na ng'ombe wa kusini, wakaambukiza.