Kwa Nini Aliyefunga Duka Hufungua Jingine

Mtu aliyewahi kufanya biashara, ikafungwa au akaiuza, kwa kawaida haanzi sifuri anapofungua nyingine. Fremu amekwisha kuirudisha kwa mwenye nyumba na rafu amekwisha kuziuza, lakini simu bado inaita: mteja wa zamani anauliza bei, na muuzaji wa jumla wa Kariakoo yuko tayari kumpa mzigo kwa mali kauli, yaani auze kwanza alipe baadaye, kwa kuwa anamjua kuwa ni mlipaji. Imani hiyo haikuwamo katika orodha ya vitu vilivyouzwa, wala haimfai katika kazi ya mshahara. Thamani yake huonekana pale tu anaposimama tena nyuma ya kaunta. Kwetu sisi washauri wa biashara, sababu hiyo ina uzito kuliko ile hamu ya kujitawala inayosemwa sana.

Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan, alianzisha kampuni ya MSI nchini Uingereza mwaka 1989, ikiwasanifia wengine mitandao ya simu za mkononi. Katika kazi hiyo aliona jinsi kampuni kubwa zilivyosita kuwekeza Afrika, na mwaka 1998 akaanzisha ya pili, ambayo Watanzania, Wakenya na Waganda waliijua kwa jina la Celtel, iliyouzwa mwaka 2005 kwa dola za Marekani bilioni 3.4. Pengo lile alilionea ndani ya biashara ya kwanza.

Hata hivyo, wapo wanaorudi kwa kusukumwa. Mwenye miaka 45 aliyejiajiri tangu ujana hana barua ya mwajiri wa zamani ya kuonyesha, na marejesho ya mkopo hayasubiri. Huyu hufungua kwa haraka biashara ileile, mtaa uleule, kwa mtaji mdogo zaidi, nasi humwomba kwanza alifungue daftari la zamani: mtaji uliliwa na mauzo hafifu, na madeni ya wateja yasiyodaiwa, au na ada za shule zilizochotwa kwenye droo? La tatu ndilo gumu kukiri.

Tena, namba ya mlipa kodi haifi mlango unapofungwa. Aliyeondoka bila kuiarifu TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, anaweza kukuta makadirio ya kodi ya nyuma yakimngoja siku anapofuata leseni mpya, kwa hiyo barua ya kufunga biashara ipelekwe mapema, fremu inaporudishwa, na nakala yenye mhuri itunzwe.