Anasoma bila kukwama, lakini ukimuuliza haelewi

Mwanangu yuko Gredi ya 4. Kiingereza anakisoma kwa sauti bila kukwama, ukimuuliza kinasema nini anakodoa macho. Akili yake ina shida?

Si lazima. Kutamka maandishi na kuyaelewa ni kazi mbili, na ubongo unaweza kuifanya moja bila nyingine. Eneo la nyuma ya ubongo, upande wa kushoto, hutambua herufi. Herufi hugeuzwa sauti, mdomo ukasoma. Maana hutafutwa kwingine, kwenye hazina ya maneno ambayo mtoto ameyapata zaidi kwa kusikia na kuzungumza. Neno lisipokuwemo humo, sauti hupita tu. Kwenye chuo cha Kurani mtoto huhifadhi sura nzima kwa matamshi safi kabla hajajua Kiarabu, na hapo hakuna kosa, kwa sababu matamshi ndiyo anayofundishwa kwanza. Kwenye somo la sayansi, hapo ndipo penye balaa.

Maswali tunayowauliza nayo hutudanganya. Soma hii: "Mchule alikwempa vidowe Kongowea." Nani alikwempa? Mchule. Alikwempa nini? Vidowe. Wapi? Kongowea. Umepata 3 kwa 3, na hujaelewa kitu, kwa sababu maneno hayo, ukiacha jina la Kongowea, tumeyabuni.

Basi nimpimeje nyumbani?

Chagua aya ya sentensi 5 au 6 asiyoijua. Asome, afunge kitabu, akueleze kwa lugha aitakayo: Kiswahili, Kidigo, Kigiriama, yoyote. Kesho yake chukua aya nyingine ya ugumu uleule, safari hii msomee wewe.

Akielewa kwa kusomewa tu, shida iko kwenye kusoma kwenyewe. Kumbukumbu tunayofikiria nayo papo hapo hubeba mambo kama 4 tu kwa mtu mzima, na kwa mtoto hupungua. Ikishughulika na kuunganisha herufi, akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Apimwe na macho.

Asipoelewa hata akisomewa, msimulie hadithi kwa Kiswahili. Akiirudia vizuri, alichopungukiwa ni maneno ya Kiingereza. Katika maneno 100, asiyoyajua yakizidi 5 hivi, maana huanza kukatika. Na kama hata lugha ya nyumbani inampita, anza na masikio.

Masikio? Mbona akiitwa anaitika?

Kuitika jina kwa sauti kubwa si kipimo. Baada ya mafua, majimaji huweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio kwa wiki kadhaa bila maumivu. Mtoto anasikia, lakini kama mwenye pamba masikioni: sauti nyepesi kama *s* na *f* humpotea, hasa darasani penye kelele. Dalili ni kuongeza sauti ya televisheni, kusema "eeh?" kila mara, kukutazama mdomo. Usimtie mafuta wala kijiti. Apelekwe kliniki ya masikio, pua na koo akapimwe usikivu.

Tuache Kiswahili nyumbani ili Kiingereza kishike?

La. Lugha nyingi hazimchanganyi mtoto. Anayejua "mvuke" ni nini kwa Kiswahili ameshalipata wazo; Kiingereza kitamwongezea jina tu.

Anarudia kusoma daftari mara nyingi, bado anasahau.

Kurudia kusoma humfanya aone anajua. Kinachokaza kumbukumbu ni kulivuta jambo kutoka kichwani: daftari lifungwe, aseme anachokumbuka, kisha afungue asahihishe. Arudie kesho, halafu baada ya siku 3, halafu baada ya wiki. Dakika 10 zinatosha. Na alale: umri huu huhitaji saa 9 hadi 12, na usingizini ndipo ya mchana huimarishwa. Anayelala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi basi la shule hupata 7 tu.

Mdogo wake ana miaka 2 na hasemi. Tumeambiwa akatwe uzi wa ulimi.

Uzi mfupi huweza kusumbua kunyonya au kutamka baadhi ya sauti. Hauzuii kuelewa, wala si sababu ya kutosema kabisa. Kwa umri huo tungetarajia maneno kama 50, ukijumlisha lugha zake zote, na kuunga mawili: "mama njoo", "taka maji". Asipofika hapo, mpeleke kliniki pamoja na kitabu chake cha mama na mtoto. Aliyekuwa akisema kisha akaacha, wa umri wowote, apelekwe wiki hiyohiyo.