Mpango wa taifa wa utafiti wa kompyuta ni nini?

Mkulima wa Kibosho au Machame, hapa Kilimanjaro, anaijua chulebuni, ugonjwa unaoozesha kahawa ikiwa bado changa mtini. Miche inayostahimili ugonjwa huo hakuizalisha yeye. Mbuni huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, na kupata aina mpya ni kazi ya kuchavusha, kusubiri, kutupa na kuanza tena. Mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha nusu eka hawezi kusubiri hivyo huku ada za watoto zikidaiwa. Ndiyo maana pale Lyamungo kuna utafiti wa kahawa tangu 1934.

Mpango wa taifa wa utafiti wa kompyuta ni jambo la namna hiyo hiyo. Serikali inachagua swali gumu, inatenga fedha za miaka mingi, kisha inawaweka pamoja watafiti wa vyuo na wahandisi wa makampuni walitafutie jibu. Kujaza kompyuta maofisini si utafiti, ni manunuzi tu, na inasikitisha jinsi mambo haya mawili yanavyochanganywa.

Mfano unaotajwa sana ni wa Japani. Mwaka 1982 wizara ya viwanda na biashara ilianzisha mradi wa Kompyuta za Kizazi cha Tano, chini ya taasisi iliyoitwa ICOT. Kiongozi wake, Kazuhiro Fuchi, alitaka watafiti vijana, wasiozidi miaka 35. Walitafuta mashine inayofikia uamuzi kwa kufuata mantiki, vichakataji vingi, yaani vipande vinavyofanya hesabu ndani ya kompyuta, vikifanya kazi kwa pamoja. Uingereza ikashtuka, na mwaka uliofuata ikaanzisha mpango wake, Alvey. Miaka kumi baadaye, zaidi ya yeni bilioni 50 zikiwa zimetumika, mashine za ICOT zilikuwapo na zilifanya kazi, ila kompyuta za kawaida za madukani zilikuwa zimeshakuwa nafuu na zenye kasi. Wengi wakasema mradi umeshindwa. Mimi siafiki. Programu zake zilitolewa bure kwa yeyote, na Japani ikabaki na kizazi kizima cha vijana waliokomaa katika kazi ngumu.

India ilisukumwa na kunyimwa. Marekani ilikataa kuiuzia kompyuta kuu, yaani yenye nguvu kupita za kawaida, ya kampuni ya Cray iliyoombwa; India ikaunda taasisi yake ya C-DAC mwaka 1988, na mwaka 1991 ikawa na PARAM 8000, ya kwake yenyewe.

Hapa kwetu Tanzania, Tume ya Sayansi na Teknolojia ipo tangu 1986, na Tengeru kuna chuo cha Nelson Mandela kinachofundisha hadi uzamivu. Ningeulizwa swali la kuwapa kwa miaka kumi, ningechagua mvua za masika kwenye miteremko ya mlima huu wa Kilimanjaro.